Kitalu kilichojaa mayai: uchambuzi wa kisa cha uhifadhi wa kasa kwenye ufuo mmoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa ninachokieleza kinahusu kikundi kidogo kilicholinda mayai ya kasa kwenye ufuo mmoja wa ukanda wa joto kwa misimu mitano ya kutaga. Jina la ufuo, la nchi, la kikundi na la wafadhili nimeyaondoa. Namba nazo nimezisogeza kidogo ili mtu asiutambue ufuo kwa kuzilinganisha, ila uwiano wake umebaki ule ule. Mimi nilikuwa mtunza daftari kuanzia msimu wa pili. Maamuzi yaliyokuja kutugharimu yalipitishwa nikiwa nimekaa pale pale mezani, na sikuyapinga, kwa kuwa wakati huo niliyaona mazuri.

Nakiandika kwa ajili ya watu wanaoanzisha au kuendesha vitalu vya mayai ya kasa. Kosa lililotupata halikutokana na uvivu wala wizi. Lilifanywa na watu waliokuwa wakikesha ufuoni usiku hadi usiku, wakiwapenda wanyama wale kwa dhati, na ndiyo maana lilichukua misimu mitatu kuonekana.

Ufuo na wanyama wake

Ufuo una urefu wa kilomita tatu hivi. Nyuma yake kuna matuta ya mchanga yaliyoshikwa na nyasi na mimea itambaayo. Mbele yake kuna miamba ya matumbawe na malisho mapana ya nyasi bahari. Wanaotaga hapo karibu wote ni kasa wa kijani, na mara chache ng'amba. Mama hupanda usiku, huchimba shimo, hutaga mayai mia moja na kitu, hufukia na kurudi majini. Baada ya wiki mbili hivi hupanda tena, na hufanya hivyo mara kadhaa ndani ya msimu mmoja. Akimaliza hukaa miaka miwili, mitatu au minne bila kutaga. Jambo hili la mwisho tulilijua, lakini tulilisahau tulipoandika ripoti.

Mtu akiulizwa kasa ana kazi gani baharini hutaja nyasi bahari kwanza, na hakosei. Kasa wa kijani aliyekomaa huishi kwa majani hayo, na ulaji wake huyafanya yachipue upya badala ya kuzeeka na kuoza pale pale. Ng'amba hula sifongo zinazogombania nafasi na matumbawe. Noa, mkubwa kuliko wote, huishi kwa yavuyavu. Hata hivyo hesabu haiendi kwamba kasa wakizidi basi bahari imenufaika. Kule Bermuda kasa wa kijani walilindwa vizuri wakaongezeka huku papa wanaowawinda wakiwa wamepungua, na malisho makubwa ya nyasi bahari yakaliwa hadi yakafa. Kasa ana faida akiwa ndani ya mfumo mzima, maadui zake wakiwemo.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana, na ndiyo inayogusa kisa hiki: mayai yenyewe. Mchanga wa ufuoni ni maskini wa rutuba, kwa kuwa kila mvua na kila wimbi huusuuza. Mama kasa hukusanya mafuta, protini, naitrojeni na fosforasi kwenye malisho yaliyo mbali, pengine mamia ya kilomita, kisha huja kuyafukia juu ya mstari wa maji. Watafiti Sarah Bouchard na Karen Bjorndal walipima viota vya duvi, aina nyingine ya kasa, huko Melbourne Beach, Florida, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2000 ilionekana kwamba kama robo tu ya nishati iliyotagwa ndiyo iliyorudi baharini ikiwa imebebwa na watoto walioanguliwa. Sehemu kubwa ya iliyobaki huliwa na kaa, wadudu, wanyama wengine na vijidudu vya mchangani, au hufyonzwa na mizizi. Ukifukua kiota kilicho ukingoni mwa tuta utaona mizizi myembamba ya nyasi imelizunguka ganda la yai lililooza kama uzi uliozunguka kidole. Nyasi hizo ndizo zinazolizuia tuta lisibomoke, na tuta lisilobomoka ndilo mama kasa mwingine atakalotagia.

Msimu wa kwanza hadi wa tatu

Msimu wa kwanza kikundi kilikuwa na watu wanane wa doria na hakuna zaidi. Walihesabu viota 38. Kati ya hivyo, 21 vilichimbwa na watu kabla ya wiki kuisha, 4 vilifukuliwa na mbwa, 3 vilizolewa na maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Vilivyoangua ni 10.

Msimu uliofuata wakaamua kuhamisha kila kiota watakachokiona, bila kuchagua, na kukiweka kwenye kitalu kimoja chenye uzio. Sababu yao ilikuwa nzito: watu wanane hawawezi kulinda kilomita tatu usiku kucha, lakini wanaweza kulinda mita sita kwa nane. Hata leo nasema kwamba kwa hali ile uamuzi ulikuwa sahihi. Unapopoteza zaidi ya nusu ya viota kwa wachimbaji, yai lililo hai kitaluni lina thamani kuliko lililokwenda sokoni.

Walikosea walipochagua mahali. Kitalu kilijengwa kwenye uwanda mweupe karibu na kibanda cha zamu, mbali na mti wowote, ili mtu anayekaribia aonekane hata usiku wa giza. Kwa ulinzi palifaa sana. Kwa mayai lilikuwa jua la kutwa bila kivuli, na hilo halikujadiliwa kwa kuwa swali lilikuwa moja tu mezani: nani ataiba, na tutamwonaje.

Msimu wa pili viota 44 vilihamishwa vyote. Hakuna kilichoibwa. Katika kila mayai 100, 70 yaliangua. Msimu wa tatu vikawa 52, na katika kila 100 yaliangua 66. Watu walifurahi, nami nikiwemo. Watoto waliotoka usiku walikusanywa kwenye mabeseni na kukaa humo mpaka jioni ya kesho yake, ili wageni na wanafunzi waje kuwaachia baharini jua likizama. Michango iliyotolewa jioni hizo ililipa sehemu kubwa ya posho za doria.

Mwishoni mwa msimu wa tatu niliandika kwenye ripoti ya mfadhili kwamba viota vimeongezeka kutoka 38 hadi 52 na kwamba kazi yetu imeanza kuzaa matunda. Sentensi hiyo haikuwa kweli. Kasa wa kijani huchukua miaka ishirini, thelathini au zaidi kukomaa. Watoto tuliowaachia hawakuwa na njia ya kurudi kutaga baada ya miaka miwili. Namba ilipanda kwa sababu majike hawatagi kila mwaka, na msimu ule kundi lililorudi lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. Hakuna aliyenisahihisha. Ripoti nzuri huwa haihojiwi.

Msimu wa nne

Mvua zilichelewa. Viota vikafika 61, vingi kuliko wakati wowote, na kitalu kikajaa. Nafasi ya mita moja kati ya kiota na kiota ikapunguzwa, na viota vipya vikachimbwa kwenye mashimo yaliyoachwa na vilivyokwisha kuangua, ndani ya mchanga ule ule wa misimu miwili iliyopita.

Viota vya kwanza viliangua baada ya siku 47 hadi 49. Tulizoea siku 55 hadi 58. Kuna aliyesema kitalu sasa kimekomaa, kinaangua haraka, na maelezo hayo tuliyapokea. Kisha viota vilivyofuata vikakaa kimya. Siku 55, kimya. Siku 60, mchanga haujashuka hata kidole, wakati watoto wakiwa njiani kupanda kwa kawaida huonekana kishimo kidogo juu ya kiota.

Aliyetuzindua ni mzee wa zamu, ambaye ameutembea ufuo huo kabla ya sisi wengine kuzaliwa. Alasiri moja alipiga magoti ndani ya uzio, akafukua kando ya kiota kimoja na kuzamisha mkono mpaka begani. Akatulia kidogo, akaniita.

"Mwanangu, hebu tia mkono hapa."

Nikatia. Juu mchanga uliunguza, hilo nililitarajia. Kadiri mkono ulivyoshuka nilisubiri ubaridi na unyevu, lakini vidole vilifika chini kwenye mchanga mkavu wenye joto la maji ya kuogea.

"Sasa njoo huku," akasema, akanipeleka ukingoni mwa tuta, chini ya mimea itambaayo, akafukua shimo la kina kile kile. Mkono ulitoka umegandwa na mchanga mbichi.

"Mzee, kwa nini hukutuambia mapema?"

"Nilisema mwaka ule mlipojenga. Mkaniambia hapa ndipo wezi wataonekana."

Ilikuwa kweli. Nilipopekua daftari la msimu wa pili nilikuta maneno yake yameandikwa na mtu mwingine kwa mstari mmoja: "Mzee anasema pana jua sana." Chini yake hapakuwa na kitu.

Wiki hiyo tulipata vipimajoto viwili. Kwenye kina cha sentimita 60, kitalu kilisoma nyuzi 33.4 za selsiasi, na ukingo wa tuta 30.6. Hiyo ni kabla ya kuongeza joto ambalo mayai yenyewe hulitoa watoto wanapokaribia kukomaa, ambalo peke yake laweza kuongeza nyuzi moja, mbili au zaidi. Msimu ulipoisha, katika kila mayai 100 yalikuwa yameangua 38.

Tulichosoma ndani ya mashimo

Tulifukua viota 40 na kupasua kila yai ambalo halikuangua. Kazi hii inanuka, inachosha, na vikundi vingi huiruka. Kwangu ndiyo kazi iliyokuwa na mafunzo kuliko zote tulizofanya kwa misimu mitano, kwa sababu yai lililokufa husema limekufa lini, na lini husema kwa nini.

Yai ambalo ndani lina ute na kiini tu, bila damu wala jicho, huenda halikurutubishwa, au lilikufa mwanzoni kabisa. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete huanza kujishikiza sehemu ya juu ya ganda. Ukiligeuza yai baada ya hapo, au ukalitikisa kwenye ndoo, kiinitete hung'oka na kufa, na yai kwa nje halionyeshi chochote. Hatari hiyo huendelea kwa wiki kadhaa. Nilirudi kwenye daftari za msimu wa pili na wa tatu, ambako kwa bahati nzuri mtu alikuwa amehesabu mayai mabovu ya viota kadhaa. Mengi yalikuwa ya aina hii. Halafu nikatazama saa za kuhamisha. Viota vingi vilitagwa kati ya saa nne na saa saba usiku, na vilionekana doria ya asubuhi ilipopita, saa moja au saa mbili. Tulikuwa tukibeba mayai yaliyokwisha kukaa saa saba, nane, mpaka kumi. Wale 30 waliokosekana katika kila 100 tulikuwa tumewaona kama hasara ya kawaida, kumbe sehemu yao ilikufa mikononi mwetu.

Mashimo ya msimu wa nne yalikuwa na habari nyingine. Humo tulikuta watoto kamili. Gamba limekamilika, mapezi yamekunjwa kifuani, mfuko wa kiini karibu umekwisha kuingia tumboni, kajino ka kutobolea ganda kako mahali pake juu ya pua, na mtoto amekufa siku chache kabla ya kutoka. Kiota kimoja nilitoa 83 wa namna hiyo nikawapanga kwenye turubai safu kwa safu. Vifo vya mwishoni vya namna hii, vingi kwa pamoja, ni alama ya joto kali na uhaba wa hewa. Mayai mengine yalikuwa na madoa ya waridi na kijivu kwenye ganda. Hiyo ni kuvu, ya aina ya Fusarium na jamaa zake, ambayo hustawi penye mayai mabovu na hutambaa kutoka yai hadi yai.

Hapo ndipo habari ya rutuba inaporudi. Mayai yaliyofia kitalu msimu ule yalizidi 4,000. Yangetawanyika kwenye kilomita tatu za tuta, yangekuwa chakula cha nyasi. Tuliyarundika kwenye mita za mraba 48, yakawa sumu ya mayai mengine. Kwa misimu mitatu tulikuwa tumelinyima tuta karibu kila yai na kuichafua sehemu moja kwa kitu kile kile ambacho tuta lilikihitaji.

Jambo ambalo hesabu haikuonyesha

Hata wale walioangua walikuwa na tatizo. Jinsia ya kasa haipangwi mama anapopata mimba. Hupangwa na joto la mchanga katika theluthi ya katikati ya siku za kukaa kiotani. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka mchanganyiko. Mchanga ukiwa baridi zaidi huzidi madume, ukiwa na joto zaidi huzidi majike, na kufikia nyuzi 31 na kuendelea karibu wote ni majike. Siku za kukaa mchangani ni kipimo cha bure cha jambo hili: zikipungua, mchanga ulikuwa moto. Siku zetu 47 hadi 49, ambazo tuliziita ukomavu wa kitalu, zilimaanisha kwamba tulikuwa tukitoa majike karibu watupu. Nashuku kwamba msimu wa pili na wa tatu pia ulikuwa umeegemea huko huko, ingawa siku zake 55 hadi 58 hazikuonyesha hivyo wazi.

Jambo hili si la kinadharia. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi kuhusu kasa wa kijani wa Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe huko Australia: kati ya wadogo waliotoka fukwe za joto za kaskazini, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Huko ni joto la dunia lililofanya hivyo. Pwani ya Terengganu, Malaysia, noa walitaga maelfu ya viota kwa mwaka katika miaka ya 1950 na sasa wametoweka karibu kabisa. Kilichowamaliza hasa ni mayai kuvunwa kwa miongo mingi na majike kufa nyavuni, lakini vitalu vilivyoangua mayai kwenye joto la kutoa majike watupu pia vimetajwa miongoni mwa sababu. Sisi tulikuwa tunajenga joto hilo kwa mikono yetu, nyuma ya uzio, kwa nia njema.

Mabeseni nayo. Mtoto wa kasa hutoka mchangani usiku akiwa na akiba ya kiini tumboni na msukumo wa kuogelea bila kupumzika kwa takriban siku nzima, ili avuke maji ya karibu yenye samaki wengi wa kumla. Ukimweka kwenye beseni, anaogelea humo humo. Nimewatazama usiku kucha: mapezi yanapiga ukuta wa plastiki, tki, tki, tki, mpaka alfajiri yanapungua. Jioni tulipowaweka kwenye mchanga mbele ya wageni wengi walitambaa taratibu, na wageni wakasema wapole. Walikuwa wamechoka. Isitoshe tuliwaachia mahali pale pale, saa ile ile, mwanga ungalipo, na ndege pamoja na samaki walikwisha kuijua ratiba.

Maamuzi ya msimu wa tano

Kikao kilichukua siku mbili na hakikuwa cha amani. Msimamizi wa kikundi, mama mmoja aliyekuwa ameuza vitu vyake mwenyewe kununua uzio wa kwanza, alilia. Aliuliza kama tunamwambia avirudishe viota kwa wezi. Swali lake lilikuwa la haki, na mengi tuliyoamua yalitokana na kulijibu.

Tuliamua kiota kiachwe pale mama alipokiweka, isipokuwa kikiwa chini ya mstari wa bamvua au kwenye sehemu mbili ambazo daftari lilionyesha huibwa karibu kila mara. Viota vilivyoachwa vilifichwa kwa kufagia alama za kasa juu na chini, kwa tawi, kabla ya mapambazuko. Palipokuwa na mbwa tuliweka wavu wa plastiki juu ya kiota, wenye matundu ya kupitisha watoto. Waya wa chuma tuliukataa kwa sababu watoto wa kasa hutumia usumaku wa dunia kujua mwelekeo, na chuma huuvuruga usumaku huo karibu na kiota.

Vitakavyohamishwa vihamishwe ndani ya saa sita tangu kutagwa, yai likibebwa bila kugeuzwa, au visihamishwe kabisa. Hii ilimaanisha kuhamisha nguvu za doria kutoka asubuhi kwenda usiku wa manane. Kitalu kikahamia ukingoni mwa tuta, kwenye mchanga mpya, chini ya neti ya kivuli, mita moja kati ya viota, na kipimajoto ndani.

Mabeseni yalifungwa. Watoto wakitoka, waende saa hiyo hiyo, watambae wenyewe kutoka juu ya ufuo hadi majini. Hili ndilo lililouma kifedha. Wageni hawawezi kuahidiwa saa ya kiota kuangua. Tuliwapa badala yake kazi ya kufukua viota siku tatu baada ya kuangua, kuhesabu maganda, na kuona kwa macho yao ndani ya yai. Baadhi walipenda. Michango ilishuka hata hivyo, na watu wawili wa doria hatukuweza kuwalipa msimu ule.

Matokeo

Viota vilikuwa 49. Tulihamisha 13 na kuacha 36. Katika vilivyoachwa, 5 viliibwa, 2 vilifukuliwa na mbwa licha ya wavu, 2 vilizolewa na dhoruba. Vile 27 vilivyosalimika viliangua mayai 81 katika kila 100. Vya kitaluni viliangua 69. Joto la kitalu halikuvuka nyuzi 30.8, na siku za kukaa mchangani zikarudi kati ya 54 na 60. Mvua iliwahi msimu huo, kwa hiyo sehemu ya nafuu ni yake.

Ukichukua mayai yote yaliyotagwa ufuoni, yaliyoibwa na yaliyozolewa yakiwemo, yaliangua 63 katika kila 100. Msimu wa pili, wa jua kali na mabeseni, ni 70. Mfadhili mmoja aliona tofauti hiyo akaandika kuuliza kwa nini utendaji umeshuka. Nilimjibu kwa kurasa nne, na nikamwomba radhi kwa sentensi yangu ya msimu wa tatu. Aliendelea kutusaidia. Mwingine hakujibu tena.

Kilichofanya kazi, na kilichoshindikana

Ulinzi wa usiku ulifanya kazi tangu mwanzo. Watu waliokuwa wakichimba mayai walipungua kwa sababu walijua kuna mtu anatembea. Tulipoanza kufagia alama, viota 31 kati ya 36 vilikaa siku zote bila mtu kuvigusa, jambo ambalo msimu wa kwanza lingeonekana ndoto. Kitalu kilikuwa dawa ya dharura iliyofaa. Tulichokosa ni siku ya kuisimamisha. Dharura ilikuwa wizi. Wizi ulipopungua, mwishoni mwa msimu wa pili, tulipaswa kukaa na kuuliza ni viota vingapi bado vinahitaji kubebwa. Hatukukaa, kwa sababu kitalu kilitupa namba ya watoto walioachiliwa, nayo ni namba tamu: inapanda, inapigwa picha, inaeleweka na kila mtu. Haisemi kama watoto hao ni majike watupu, wala kama wana nguvu za kuvuka maji ya karibu.

Kulinda fukwe kuna faida, na sitaki mtu asome kisa hiki akaona vinginevyo. Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, lilimwondoa kasa wa kijani kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka kwa ngazi ya dunia, likitaja miongo ya kulinda mayai na majike wanaotaga pamoja na kupunguza vifo vya nyavuni. Yapo makundi ya kasa hao ambayo bado yanadidimia, na ng'amba yuko hatarini kabisa, lakini ushahidi upo.

Ushindi huo lakini una sehemu mbili, ufuoni na majini, na sisi tulishika moja. Mwaka 1987 watafiti Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walichapisha hesabu ya maisha ya duvi wa Marekani. Walionyesha kwamba hata kama kila yai lingeangua, kundi lingeendelea kupungua, ilhali kupunguza vifo vya wadogo waliokwisha kukua kungeligeuza. Hesabu hiyo ilisaidia sana kuitetea hoja ya kuweka kwenye nyavu za kuvulia kamba wa baharini kifaa cha kumtoa kasa akiwa hai.

Kwa misimu mitano daftari letu liliandika kasa wakubwa 17 waliosukumwa ufuoni wakiwa wamekufa. Wengi walikuwa na alama za uzi wa jarife, wavu wenye matundu makubwa, shingoni au kwenye pezi. Waliandikwa kurasa za nyuma, chini ya kichwa "mengineyo". Mmoja wao, msimu wa nne, alikuwa jike aliyetaga kwetu siku tisa kabla. Tulimjua kwa pengo la nusu mwezi kwenye ukingo wa gamba. Tumboni alikuwa na mayai yenye maganda tayari, ya kiota ambacho angekichimba wiki iliyofuata. Mama huyo alikuwa amepita miaka yote ambayo watoto wetu wa kitalu hawajaianza, na usiku aliokufa sote wanane tulikuwa ndani ya uzio tukihesabu mayai.

Msimu wa tano tulikaa na wavuvi wa jarife mara mbili. Walikubali kumwachia kasa wanayemkuta hai wavuni. Kuziondoa nyavu kwenye mlango wa miamba wakati wa msimu wa kutaga walikataa, wakasema hapo ndipo wanapopata riziki katika miezi hiyo na kwamba hakuna aliyewapa mbadala. Hatukuwa na mbadala. Safu ya kasa waliokufa sasa iko ukurasa wa kwanza wa daftari, kando ya siku za kukaa mchangani na joto. Kikao cha tatu kilipangwa kabla ya msimu wa sita. Nilipoondoka ufuoni kilikuwa hakijafanyika.